Usanii wa vitu vilivyoachwa na wakimbizi

MKAZI wa Suna aliyezoea kuteremka Muhuru au Sori kununua samaki hahitaji kuelezwa mashua ni nini, wala mtungi wa plastiki ni wa kazi gani. Mwaka 2007 Romuald Hazoumè, msanii wa Benin, aliunda mashua kwa mamia ya mitungi mitupu ya mafuta, akaiweka mbele ya picha kubwa ya ufuo mtulivu katika maonyesho ya Documenta mjini Kassel, Ujerumani. Kazi hiyo, iliyohusu Waafrika wanaohatarisha maisha baharini wakielekea Ulaya, ilimpatia tuzo ya Arnold Bode.

Usanii wa namna hii waweza kuitwa sanaa ya usimikaji. Kinyago huchongwa na picha hutundikwa ukutani, lakini kazi ya usimikaji hujaza mahali. Msanii hupanga vitu ukumbini, uwanjani au barabarani, na mtazamaji akaingia kati yake au akavizunguka. Aghalabu vitu hivyo ni vya kuokotwa. Hapo ndipo ilipo nguvu yake panapozungumzwa ukimbizi, kwa kuwa vazi alilovuka nalo mtu majini ni ushahidi wa safari yenyewe.

Mchina Ai Weiwei alilielewa jambo hilo. Mnamo Februari 2016 alizifunika nguzo za ukumbi wa muziki wa Konzerthaus, Berlin, kwa jaketi za kuokolea maisha zipatazo 14,000, zilizoachwa na wakimbizi katika kisiwa cha Lesbos, Ugiriki. Hata hivyo, mapema mwaka huo huo alikuwa amepigwa picha akiwa amelala kifudifudi ufuoni, akiiga maiti ya Alan Kurdi, mtoto wa Kisyria aliyezama Septemba 2015. Alishutumiwa vikali, na kwa maoni ya mwandishi huyu, kwa haki. Jaketi zilisema zenyewe. Katika picha ile aliyeonekana ni msanii.

Lawama kama hizo zilimfika Christoph Büchel mwaka 2019, alipopeleka kwenye maonyesho ya Venice mabaki halisi ya chombo kilichozama Aprili 2015 katika Bahari ya Mediterania na kuua mamia ya watu. Hakuweka maelezo yoyote kando yake. Wageni walikunywa kahawa hatua chache kutoka hapo, wengine wasijue wanatazama kaburi.

Kenya nayo ina yake. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwafukuza makwao mamia ya maelfu ya watu. Wengi wakawa wakimbizi wa ndani, na maelfu wakavuka mpaka kuingia Uganda. Mwaka 2008 kituo cha GoDown jijini Nairobi kiliandaa maonyesho ya picha yaliyoitwa Kenya Burning. Mwaka uliofuata mpiga picha Boniface Mwangi akaanzisha Picha Mtaani, akizitoa picha za ghasia hizo ukumbini na kuzisimika barabarani. Huenda wanazuoni wakabisha kwamba huo si usimikaji kamili. Lakini mwendesha bodaboda au mama muuza mboga hakuhitaji kulipa kiingilio ili aione nyumba inayoungua, na pengine mtazamaji aliyesimama kando yake alikuwa miongoni mwa waliochoma.

Swali zito zaidi ni nani anayesimika. Leilah Babirye, mzaliwa wa Kampala, aliikimbia Uganda kutokana na kuandamwa kwa wapenzi wa jinsia moja, akapewa hifadhi Marekani mwaka 2018. Sanamu zake huziunda kwa mbao, udongo, minyororo na mipira chakavu ya baiskeli. Yeye mwenyewe ndiye mkimbizi na ndiye mwamuzi wa kitakachoonekana. Wenye jaketi za Lesbos hawakuwa na nafasi hiyo.

Atakayetaka kujaribu sanaa hii katika eneo la Migori na Homa Bay hatakosa pa kuanzia. Wasuba wa visiwa vya Rusinga na Mfangano husimulia kwamba wazee wao walivuka ziwa kutoka Buganda wakikimbia umwagaji damu wa kugombea ufalme. Na mashua za mbao zilizoenea Ziwa Victoria hadi leo hubeba jina la visiwa vya Ssese, vilivyoko Buganda.