Flashi Galaxy S3 ipate Android 7.1, ila IMEI kwanza!

Wadau, kuna simu nyingi zimelala kwenye droo, si kwa sababu zimekufa, ila programu zimezikimbia. Mfano mzuri ni Samsung Galaxy S3. Ilitoka Mei 2012 na Android 4.0, na Samsung wakaishia kuipa 4.3. Oktoba 2023 WhatsApp wakaacha kuhudumia simu zilizo chini ya Android 5.0, basi S3 ikabaki ya kupigia na kusikilizia muziki. Wakati kioo kizima na betri unabadilisha mwenyewe!

Dawa ni kuflashi, yaani kufuta mfumo wa kiwandani na kuweka mwingine. Kwa S3 upo LineageOS 14.1, ambao ndani yake ni Android 7.1. LineageOS ilirithi kazi ya CyanogenMod iliyofungwa Desemba 2016. Ni bure.

ANGALIA MODELI

Toa betri, soma karatasi iliyo chini yake. Maelezo haya ni ya GT-I9300 tu. I9305 ni S3 pia lakini mafaili yake ni mengine. Ukichanganya, simu inaweza isiwake tena.

IMEI NDIYO ROHO YA SIMU

Ndani ya simu kuna sehemu inaitwa EFS, humo ndimo inakaa IMEI. Ikiharibika, simu itawaka vizuri kabisa lakini mtandao hakuna. Usidanganyike kuandikiwa namba ya kubuni: Juni 2016 TCRA ilizima simu zenye IMEI bandia Tanzania nzima. Kwa hiyo usifute kitu kabla ya hatua ya 4.

HATUA

1. Hamisha picha na namba zako. Chaji betri ijae. Tumia laptopu kama ipo, maana umeme ukikatika kwenye kompyuta ya mezani kazi inakatikia katikati.
2. Kwenye Windows weka draiva za Samsung na programu ya Odin. Zima simu, kisha bonyeza pamoja sauti chini, Home na kuwasha. Likija onyo, bonyeza sauti juu, halafu chomeka waya wa USB.
3. Kwenye Odin weka faili la TWRP la i9300 sehemu ya AP (Odin za zamani zinaandika PDA). Ondoa tiki kwenye Auto Reboot, bonyeza Start, subiri neno PASS. Chomoa waya, toa betri, irudishe.
4. Bonyeza sauti juu, Home na kuwasha. TWRP ikifunguka nenda Backup, chagua EFS, hifadhi kwenye memori kadi. Nakili kwenye kompyuta na kwenye fleshi pia.
5. Sasa Wipe: System, Data, Cache na Dalvik. Memori kadi usiiguse.
6. Install: anza na zipu ya LineageOS, fuatisha GApps ya ARM 7.1 aina ya pico kama unataka Play Store. Washa upya. Mara ya kwanza inachelewa, usichomoe betri kwa papara.

Mtandao ukigoma, rudi TWRP, bonyeza Restore, chagua ile EFS.

UTAPATA NINI, HUTAPATA NINI

WhatsApp utaweza kuiweka, ila angalia kwanza toleo wanalotaka siku hiyo. Tovuti nyingi zilizogoma zitafunguka, kwa sababu Android chini ya 7.1.1 haivitambui vyeti vya usalama vya Let's Encrypt. Lakini RAM ni GB 1 ile ile, usitegemee miujiza. Pia LineageOS hawatoi tena marekebisho ya i9300, kwa hiyo programu za benki weka kwenye simu nyingine.

Na kama hiyo S3 ndiyo simu yako pekee, azima nyingine kwanza ndipo uanze. Uliyekwama taja moduli na namba ya hatua kwenye maoni hapo chini, wadau watakusaidia.