Pazia la Studio na Paa la Msauzi: Majengo ya Ndoto Mpakani Tunduma

Atakayeandika historia ya ujenzi wa Tunduma kwa kufuata mawe ya kale atafunga daftari mapema. Mji huu hauna magofu kama ya Kilwa wala milango ya nakshi kama ya Mji Mkongwe. Mpaka wa Zambia unaoupa riziki ulitokana na mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890, ukapimwa mwaka 1898. Reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilifika hapa mwaka 1973. Mkoa wenyewe wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, na makao yake makuu yakawekwa Vwawa.

Hata hivyo, pita mitaa ya Sogea na Majengo uangalie nyumba zilizojengwa katika miaka ya karibuni. Utakuta baraza yenye nguzo nene zilizovishwa maua ya saruji vichwani. Utakuta simba wawili wa saruji wamelala juu ya nguzo za geti, wamepakwa rangi ya dhahabu. Paa la msauzi, jekundu au bluu, lina migongo mingi kuliko vyumba vilivyo chini yake. Jirani yake amefanya kinyume: paa amelificha lote nyuma ya ukuta, nyumba ikabaki sanduku jeupe lenye vioo vya giza, na nyuma ya ukuta huo kenchi zimelazwa chini chini zisionekane na mpita njia. Wasomi wengi wa usanifu huzipita nyumba hizi bila kuziandika. Mimi naona ni urithi, na historia yake tunaweza kuifuatilia vizuri tukianzia mahali ambapo wanahistoria wa majengo hawaendi sana, yaani studio ya picha.

Kabla ya studio, tuseme neno juu ya wajenzi wa kwanza wa nchi hii. Wanyiha wa Mbozi, kama walivyofanya majirani zao Wafipa, walijenga matanuru ya kuyeyushia chuma yaliyomzidi mtu kimo. Walitumia udongo wa kichuguu, na chini waliacha matundu ya kupitishia bomba za udongo uliochomwa. Tanuru refu namna hiyo halikuhitaji mivukuto, kwa kuwa kimo chake ndicho kilichovuta hewa mpaka moto ukatosha kulainisha mawe ya chuma. Huko Ufipa tanuru jipya lilipambwa na kutendewa kama bibi harusi, na kila hatua ya kazi ilikuwa na miiko yake. Hesabu ya hewa na moto ilikuwamo, na ndoto ilikuwamo pia, ndani ya ukuta uleule. Anayedhani kwamba ubunifu wa majengo uliletwa Songwe na malori ya lami akayatazame matanuru hayo.

Pwani mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mwaka 1883 Sultani Barghash wa Zanzibar alimaliza Beit al-Ajaib pale Forodhani, jumba la kupokelea wageni lenye baraza pana kila ghorofa na nguzo za chuma, ambalo baadaye liliwashwa taa za umeme. Jumba hilo lilijengwa litazamwe kutoka baharini, na haikuchukua muda wapiga picha wa Zanzibar, wengi wao Wagoa, A. C. Gomes akiwa miongoni mwao, wakalifanya kadi za posta zilizosafiri dunia nzima. Mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896 iliuangusha mnara uliosimama mbele yake, na ukarabati uliofuata ukaliongezea jumba lenyewe mnara wa saa. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya jumba ilianguka wakati likikarabatiwa, na watu wawili wakafariki. Siku zile watu wengi walilililia jengo ambalo hawakuwahi kuingia ndani yake. Walilijua kwa picha.

Mtu wa kawaida hakuwa na uwezo wa kujenga baraza kama zile, lakini aliweza kupiga picha mbele yake. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Zanzibar, na mwanawe Rohit akaja kuiendeleza. Mombasa, tangu miaka ya 1940, N. V. Parekh alikuwa akiwakalisha wateja pozi kwa mwanga uliopangwa kama wa sinema: vijana wenye miwani, marafiki walioshikana mabega, maharusi. Lamu alikuwako Omar Said Bakor, aliyezaliwa mwaka 1932 na kufariki mwaka 1993. Huyu ndiye ninayemweka mbele ya wote. Alijifunza kazi mwenyewe, kisha ndani ya chumba cha giza akaanza kuunganisha negativu na negativu mpaka sura ya mtu ikachomoza katikati ya ua, au ikakaa mahali ambapo mwili wa binadamu hauwezi kukaa. Kompyuta hakuwa nayo. Alikuwa na mkasi, karatasi ya kuzibia mwanga na subira. Picha zake hazikutaka kumdanganya mtu, maana kila aliyezitazama alijua kwamba haziwezekani, na kwa sababu hiyo akazipenda.

Hatua iliyofuata ndiyo inayotuhusu zaidi, nayo ilitokea kwenye kivuko cha Likoni. Kuanzia miaka ya 1980 wapiga picha, wengi wao watu wa bara waliofuata kazi Mombasa, walipanga vibanda vya mbao kando ya njia ya kuelekea feri. Kila kibanda kilikuwa na pazia lililochorwa kwa mkono: meli kubwa, ndege, jiji la maghorofa. Mbele ya pazia waliweka maua ya plastiki, vitambaa vinavyong'aa, kiti cha heshima. Abiria aliyekuwa anasubiri feri ya kumvusha maji ya dakika chache alisimama hapo akapigwa picha akiwa safarini kwenda mbali, kisha akaituma kijijini. Heike Behrend, mtaalamu wa Kijerumani aliyezichunguza studio hizo kwa miaka mingi, ameziandika kama safari za kufikirika. Vurugu za Likoni za Agosti 1997, zilizowalenga watu wa bara, ziliwakumba wapiga picha hao pia, na vibanda vikaharibiwa. Kilichosalia kimesalia kwenye albamu za watu.

Nakaa kwenye Likoni kwa sababu mapazia yale yalikuwa ramani za nyumba. Ngazi pana inayopinda, nguzo nyeupe mbili mbili, taa inayoning'inia, dirisha lenye tao: mchoraji wa pazia alivikusanya kutoka kalenda, filamu za Kihindi na magazeti, akavipanga kwa namna ambayo hakuna jengo lililowahi kupangwa. Wachoraji hawa walikuwako kila mji wenye stendi na kivuko, kuanzia pwani hadi mipakani. Afrika Magharibi walikuwako pia. Volta Photo, studio ya Sanlé Sory kule Bobo-Dioulasso, ilisifika kwa pazia lake la ndege. Mteja aliyesimama mbele ya ngazi ya rangi akiwa na miaka 20 aliibeba ngazi hiyo kichwani. Akija kupata fedha ya kununua saruji, atamwambia fundi: nataka hivi.

Tunduma ilikuwa na kila sababu ya kuyafanya hayo kwa kasi kuliko miji mingine. Hapa ndipo barabara kuu ya Dar es Salaam inapoingia Zambia kupitia Nakonde, kisha kuendelea Lubumbashi na migodi ya Kongo. Dereva hungoja karatasi za forodha, mfanyabiashara hungoja mzigo, na anayengoja ana muda wa kupiga picha. Tangu mwaka 2019 kituo cha pamoja cha forodha kimepunguza kungoja huko, lakini mji ulikwisha kujijenga juu ya subira ya wasafiri. Bidhaa za kusini zilipita, na mitindo ikapita nazo: lile bati linaitwa msauzi kwa sababu watu walilihusisha na Afrika Kusini. Mchele, mahindi na kahawa ya Mbozi vilipouzwa vizuri, fedha ilirudi ikawa tofali za kuchoma, lipu, bati la rangi.

Kongo iliyo mwisho wa barabara hiyo imemtoa mtu aliyeifikisha ndoto hii mbali kuliko wote. Bodys Isek Kingelez, aliyeishi Kinshasa na kufariki mwaka 2015, alitengeneza miji mizima kwa karatasi ngumu, plastiki na vifungashio: minara yenye mabawa, viwanja vya michezo vya rangi ya pipi, benki zenye umbo la ua. Mwaka 1994 alikijengea kijiji alikozaliwa jiji la namna hiyo na kuliita Kimbembele Ihunga, na mwaka 2018 makumbusho ya MoMA ya New York yalionyesha kazi zake kwa ukamilifu. Ukizitazama picha za miji ile kisha ukazitazama nyumba za Sogea, undugu unauona. Wote wamekataa kwamba jengo la mtu wa kawaida lazima liwe la kijivu.

Upande wa wasanifu waliosomea, nao walikuwa na ndoto zao. Soko la Kariakoo la Beda Amuli, lililokamilika katikati ya miaka ya 1970, lilisimama juu ya miavuli ya zege iliyogeuzwa juu chini ili ikusanye maji ya mvua. Moto wa tarehe 10 Julai 2021 uliliunguza vibaya. Nairobi, jumba la KICC la Karl Henrik Nøstvik na David Mutiso lilifunguliwa mwaka 1973, mnara wa ghorofa 28 na pembeni yake ukumbi wenye paa la umbo la pia, na uwanja wake ukawa mahali pa wapiga picha wa mitaani. Hapo jengo halisi liligeuka pazia la studio.

Songwe tunalo pazia letu la asili. Kimondo cha Mbozi kiko kijijini Ndolezi, bonge la chuma lenye urefu wa karibu mita 3, linalokadiriwa kuwa na uzito wa kati ya tani 12 na 16. Wenyeji walikifahamu, wageni walikitambua mwaka 1930 kupitia mpima ardhi W. H. Nott. Kwa karibu kinavutia kuliko kinavyoonekana kwenye mabango. Uso wake una vishimo kama vya vidole kwenye udongo mbichi, kona moja ina alama ya msumeno wa wachunguzi, na waliochimba kukizunguka wamekiacha kimeinuliwa juu ya nguzo ya mwamba. Mgeni wa mkoa hupelekwa hapo, hukaa pozi, hupigwa picha. Sijui picha nyingine ya Songwe inayorudiwa mara nyingi hivyo.

Studio zenyewe zimebadilika. Pazia la brashi limeshindwa na bango la plastiki lililochapwa, na penye ngazi ya mchoraji sasa pana maghorofa ya Dubai. Bango nalo limeshindwa na kompyuta, ambayo humweka bibi harusi kwenye maporomoko ya maji bila kumtoa Tunduma. Ni kazi ya Bakor ileile, imerahisishwa mno, na mara nyingi imepoteza ile subira yake. Walioirudishia uzito ni wasanii kama Osborne Macharia wa Kenya, aliyewavika wazee na mabibi wa Kiafrika mavazi ya fahari katika mfululizo wa Nyanye na Kabangu, akiwapa historia ambazo hazikutokea lakini zilistahili kutokea.

Badiliko ninaloliona kubwa kuliko hayo yote limefanyika kwenye simu ya fundi. Anayetaka kujenga leo haji tena na maneno wala na picha ya studio. Anakuja na mchoro wa 3D aliotumiwa WhatsApp: nyumba yenye mwanga wa jioni, bustani imekatwa vizuri, gari jeupe mlangoni, na nyumba hiyo haijawahi kuwepo popote. Hiyo ni picha ya kubuni kama ya Likoni, tofauti ni kwamba wiki ijayo msingi unachimbwa. Fundi huitazama, hukuza kwa vidole viwili kwenye kona ya paa, huuliza eneo la kiwanja, kisha huanza kutafsiri: hapa kioo chote hakiwezekani, tuweke nguzo, hapa mvua ya Tunduma itaingia, tushushe bati. Katika mazungumzo hayo ndipo mtindo wa mji huu unapozaliwa, na hakuna anayeyaandika.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, pamoja na marekebisho yake ya 1979, inalinda moja kwa moja vitu na majengo ya kabla ya mwaka 1863, na milango ya nakshi ya kabla ya mwaka 1940. Kwa kipimo hicho Tunduma haina chochote. Lakini sheria hiyohiyo inampa Waziri mamlaka ya kutangaza na kuhifadhi vitu na mahali pa umri mdogo zaidi, na hakuna inapozuia halmashauri kukusanya. Vitu vya kuanzia vinajulikana: negativu zilizojaa kwenye maboksi ya studio zilizofungwa, mapazia ya brashi yaliyokunjwa stoo, moldi za simba na za vichwa vya nguzo, picha za nyumba za Sogea, Majengo na Maporomoko kabla hazijapakwa rangi nyingine. Na wachoraji na mafundi wenyewe waulizwe wangali hai, majina yao yaandikwe, pamoja na jibu la swali moja: ngazi ile uliyoichora, uliiona wapi?