Nipe Mji: Mchezo, Kredi na Utafiti wa Programu

Leo nina neno moja tunalolipenda sana sisi watengenezaji programu: gemifikesheni, yaani kuitia kazi mambo ya mchezo, kama pointi na ushindani, ili watu wasichoke kushiriki. Neno lilibuniwa mwaka 2002 na Nick Pelling, mtengenezaji programu wa Uingereza. Jambo lenyewe ni la kale. Kwenye vitendawili, hadhira ikishindwa, mtegaji hudai: "Nipe mji!" Mji huo haushikiki, lakini watu huugombania hadi usiku.

Je, ushindi mtupu watosha tunapoomba watu watujaribie programu? Tuangalie kisa cha Kilifi, kaskazini ya huku kwetu Kisauni.

Miaka ya 2006 na 2007, Nathan Eagle, mtafiti kutoka MIT ya Marekani, alikuwa akiishi Kilifi. Hospitali ilikuwa ikipungukiwa damu. Akaunda mfumo wa SMS: wauguzi watume kila siku kiasi cha damu kilichobaki, benki ya damu ijue mapema. Mwanzoni waliupokea kwa hamu. Wiki chache baadaye, meseji zikakatika karibu zote. Programu haikuwa imeharibika, wala wauguzi hawakuwa wavivu. Kila meseji ilikula kredi yao wenyewe.

Dawa ikawa rahisi. Kila aliyetuma meseji yenye mpangilio sahihi alirudishiwa gharama yake kwa kredi, na nyongeza kidogo juu. Wauguzi wakarudi. Wazo hilo ndilo lililozaa txteagle mwaka 2009, kampuni iliyowapa watu kazi ndogondogo kwa simu na kuwalipa kwa kredi.

Sasa tazameni tofauti. Mcheza vitendawili hatozwi chochote, ndiyo maana mji wa maneno humtosha. Mama muuza samaki wa Likoni anayetujaribia programu anatoa bando lake na saa yake ya biashara. Tukimpa nyota tano kwenye skrini, tumemtania. Kwanza tumrudishie gharama, kisha mchezo umnogeshe.

Lakini tahadhari: kompyuta huweza kukagua mpangilio wa meseji, haiwezi kufungua friji ikahesabu chupa za damu. Zawadi ikizidi, mtu atajaza chochote ili apate pointi, nasi tutajenga programu juu ya uongo.

Haya, nyinyi mwaonaje? Mshiriki wa utafiti apewe nini?