Amri ya 'column' na upangaji wa matini kwa safu

Column ni amri ya kompyuta inayopanga matini kwa safu zilizonyooka. Ilitolewa mwaka wa 1990 katika mfumo wa BSD wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na leo imo pia katika Linux.

Tuseme karani wa Lanet, Nakuru, ana faili ya majina ya wakulima, magunia ya mahindi na malipo, vikitenganishwa kwa koma. Huandika:

column -t -s, wakulima.csv

Herufi t huunda jedwali. S hutaja kitenganishi. Faili yenyewe haibadiliki.

Tahadhari: katika matoleo ya zamani, koma mbili zinazofuatana huhesabiwa kuwa moja. Mkulima asiyeandikiwa magunia, malipo yake husogea hadi safu ya magunia. Pengo kama hilo lijazwe kistari kwanza.