Fahamu mashindano ya dunia ya vishale na daktari wa mifugo kutoka Kenya aliyeshangaza London

Msikilizaji, kila mwisho wa mwaka neno "Darts" huonekana kwenye simu za wengi, hasa vijana wanaopitia orodha za mechi ili kusuka mikeka. Ndiyo vishale vyetu hivi hivi, mchezo unaochezwa kwenye baa, mabwalo ya askari na michezo ya watumishi wa serikali ya SHIMIWI. Makala hii inaeleza mashindano hayo yalianzaje, alama zinahesabiwaje, na kwa nini Desemba 2025 jina la Mkenya mmoja lilizungumzwa dunia nzima.

Mashindano yenyewe ni yapi?

Mashindano ya dunia ya vishale vya kulipwa yanaendeshwa na shirika la PDC la Uingereza. Yalifanyika kwa mara ya kwanza mwishoni mwa 1993 na kumalizika Januari 1994, baada ya wachezaji wakubwa kujitenga na chama cha zamani. Bingwa wa kwanza alikuwa Dennis Priestley, aliyemfunga Phil Taylor kwenye fainali. Taylor huyo baadaye alitwaa ubingwa wa dunia mara 16, ukijumlisha na mataji mawili aliyopata katika chama cha zamani.

Tangu mwisho wa 2007 mashindano yanafanyika kwenye jumba la Alexandra Palace jijini London. Yanaanza Desemba na kumalizika siku za mwanzo za Januari. Wanawake na wanaume hushindana pamoja. Desemba 2019 Fallon Sherrock alikuwa mwanamke wa kwanza kushinda mechi katika mashindano haya.

Msimu wa 2025/2026 idadi ya wachezaji iliongezwa hadi 128, na bingwa akaandaliwa pauni milioni 1, yaani zaidi ya shilingi bilioni 3 za Tanzania. Aliyezichukua ni Luke Littler wa Uingereza, kijana wa miaka 18, aliyemfunga Gian van Veen wa Uholanzi seti 7 kwa 1. Mwaka mmoja kabla, Littler alikuwa bingwa akiwa na miaka 17, mdogo kuliko mabingwa wote waliomtangulia.

Alama zinahesabiwaje?

Kila mchezaji anaanza na alama 501 na anazipunguza mpaka zifike sifuri. Kila zamu anarusha vishale vitatu. Ubao una vipande 20. Kishale kikiingia kwenye pete nyembamba ya nje, alama za kipande hicho zinazidishwa mara mbili, ndiyo dabo. Kikiingia pete nyembamba ya katikati, zinazidishwa mara tatu. Kitovu cha ubao kina alama 50, na pete inayokizunguka ina alama 25. Zamu moja haiwezi kuzidi alama 180, yaani vishale vitatu vyote kwenye 20 ya mara tatu.

Ugumu uko kwenye kumaliza. Kishale cha mwisho lazima kiingie kwenye dabo au kwenye kitovu. Ukibakiwa na 40, unatafuta dabo ya 20. Ukizidisha, au ukabakiwa na alama 1, zamu hiyo inafutwa na unarudi ulipokuwa. Ndiyo maana mchezaji mzuri anapiga hesabu kichwani kabla ya kurusha.

Angalia pia namba zilivyopangwa: 20 imewekwa katikati ya 5 na 1. Ukikosa kidogo tu, unaambulia alama chache.

Anayewahi kushinda michezo mitatu anapata seti. Raundi ya kwanza anasonga mbele anayewahi seti tatu. Fainali ni seti saba.

Mkonge wetu uko ukutani

Singida wengi wanaujua mkonge kama mmea wa kuzungushia shamba au boma. Nyuzi zake, yaani katani, ndizo zinazotengeneza ubao wa vishale. Zinabanwa kwa nguvu, kishale kinapenya katikati ya nyuzi, na kikichomolewa zinajifunga. Kampuni ya Nodor ya Uingereza ilianza kutumia katani miaka ya 1930, na leo inatengeneza mbao zake nchini Kenya, zikiwemo za Winmau zinazotumika kwenye mashindano ya PDC.

Kwa hiyo ubao wa Afrika Mashariki ulikuwa jukwaani kabla Mkenya yeyote hajafika kuurushia.

Daktari wa mifugo apanda jukwaani

Mkenya huyo ni David Munyua. Kazi yake ni udaktari wa mifugo. Alifuzu kupitia mchujo wa Afrika na kuwa Mkenya wa kwanza kucheza mashindano haya.

Raundi ya kwanza alipangiwa Mike De Decker wa Ubelgiji, bingwa wa World Grand Prix 2024. De Decker aliongoza seti 2 kwa 0, akabakiza moja tu. Munyua hakutetereka. Alishinda ya tatu, akasawazisha, kisha akachukua ya tano. Matokeo: 3 kwa 2. Safari yake iliishia raundi ya pili, lakini mtu anayeishi kwa kutibu mifugo alikuwa amemtoa mtu anayeishi kwa kurusha vishale.

Kabla yake, Devon Petersen wa Afrika Kusini alishinda German Darts Championship mwaka 2020.

Ukitaka kuanza

Tundika ubao ili kitovu kiwe mita 1.73 kutoka sakafuni. Chora mstari wa kurushia mita 2.37 kutoka usawa wa ubao. Usiweke ubao karibu na mlango, na watoto wasipite wakati wa kurusha. Hapa nchini mchezo unasimamiwa na chama cha vishale, TADA.

Mashindano ya Desemba, mechi za jioni London huanza saa 1 usiku kwa saa za huko, ambayo hapa ni saa 4 usiku. Na kabla hujaweka hela kwenye mkeka, kumbuka Munyua: walioangalia majina tu siku ile, mikeka yao ilichanika.