Toba ni Kurudi

Somo: Luka 19:1–10



Leo tutalitazama neno moja tu, nalo ni "toba". Twalitumia kila Jumapili kanisani, na huku kwetu Diani twalisikia hata njiani. Mama akipata habari ya kushtusha husema, "Toba yarabi!" Mtoto akichapwa hulia, "Nimetubu, sirudii tena!" Na fimbo ikiisha kuwekwa chini, pengine kesho yake hurudia yale yale. Basi, neno hili lilitoka wapi, na maana yake hasa ni nini?

Neno hili halikuletwa na wamisionari. Hapa Diani, karibu na mahali mto Mwachema unapoingia baharini, upo msikiti wa kale wa Kongo, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe karne nyingi zilizopita. Waliosali humo walilijua neno toba zamani sana, kabla Dr. Ludwig Krapf hajafika Mombasa mwaka 1844. Krapf, na baadaye Askofu Edward Steere kule Unguja, walipoanza kuyatia Maandiko katika Kiswahili, iliwapasa kuchagua: ama wabuni maneno mageni, ama wayatwae yaliyokwisha kuwamo vinywani mwa watu. Waliyatwaa yaliyokuwamo. Ndiyo maana twasema dhambi, imani, rehema, malaika na toba, na yote hayo asili yake ni Kiarabu. Biblia nzima ya Kiunguja ilipigwa chapa mwaka 1891, ya Kimvita mwaka 1914, na ile ya Muungano, ambayo wengi wetu twaisoma hata leo, mwaka 1952.

Wako Wakristo wanaoona haya kusikia habari hii. Hudhani kwamba neno tulilopewa na jirani haliwezi kuwa letu kamili. Wasione haya. Katika Kiarabu shina la neno toba lina maana ya kurudi. Manabii wa Israeli nao, walipowaita watu watubu, walitumia neno la Kiebrania "shub", ambalo pia maana yake ni kurudi. Katika Kiaramu, lugha aliyoisema Bwana Yesu, neno lenyewe ni "tub". Na katika Biblia ya kale ya Kishami, iliyo jamaa ya Kiaramu, mahubiri ya kwanza ya Yesu katika Mathayo 4:17 yaanza na neno "tubu", yaani, tubuni. Hivyo mkulima wa Ukunda afunguapo Biblia yake na kusoma "Tubuni", asikia sauti iliyo karibu sana na ile waliyoisikia wavuvi wa Galilaya.

Mitume waliandika kwa Kiyunani, nao walitumia neno "metanoia", maana yake kugeuka nia. Ndugu zetu Waganda wana neno "kwenenya", yaani kujilaumu mwenyewe. Neno hilo lilisikika sana katika Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, na kuingia Kenya mwaka 1937. Watu wa Uamsho waliungama mbele ya wenzao, lakini hawakuishia hapo. Walilipa madeni na kurudisha vitu walivyoiba. Wengine walioyadharau mahubiri yao waliamini walipoona mali yao imerudi nyumbani.

Kujilaumu, basi, ni mwanzo, na kugeuza nia ni lazima. Lakini neno letu la pwani latudai tuende mbele zaidi. Mwana mpotevu alijilaumu akali kati ya nguruwe, na nia yake ikageuka pale pale. Hata hivyo, kama angalibaki zizini akilia, baba yake asingalimkumbatia. Alisimama akashika njia.

Jambo hili tulifundishwa na jirani, nasi twalisema bila kuficha. Katika ushirika tuliowahi kuutumikia alikuwako mzee mmoja wa kanisa. Zamani baba yake alipokea minazi ya jirani kuwa rehani. Deni lililipwa, lakini minazi haikurudishwa, na baada ya baba kufa, mwana aliendelea kuangua nazi. Siku moja ya mkutano mzee huyo alisimama, akaungama jambo hilo kwa machozi. Tuliimba, tukamwombea, tukamwambia Mungu amemsamehe. Hatukumwambia neno lingine.

Juma lililofuata tulikutana njiani na yule jirani, Mwislamu, mtu mzima sana. Kwa furaha tukamwambia, "Mzee, ndugu yetu ametubu."

Akajibu kwa upole, "Nimefurahi, Padri. Lakini sisi tulipokuwa chuoni tulifundishwa hivi: uache dhambi, uijutie, uazimie usiirudie, na kama kuna haki ya mtu, umrudishie. Mimi nazi zangu zingali zikianguliwa."

Hatukuwa na jibu. Tuliona kwamba kosa halikuwa la yule mzee peke yake. Sisi tuliopewa kazi ya kuhubiri toba tulikuwa tumemwonyesha nusu ya njia.

Jioni ile tulikwenda kwake. Haikuwa rahisi, kwa maana nazi zile ndizo zilizolipa karo ya watoto wake. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema tumwache. Baada ya siku kadhaa alikuja mwenyewe, akatuomba tumsindikize. Mbele ya wazee alirudisha minazi, na kwa nazi za miaka iliyopita wakapatana alipe kidogo kidogo. Jirani yule hakusema mengi. Alimwita mjukuu wake apande mnazi, akatuangushia madafu.

Ndugu wapendwa, Zakayo hakufundishwa chuoni mwa jirani yetu, lakini alijua jambo lile lile. Bwana Yesu alipoingia nyumbani mwake, alisimama akaahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Hakununua wokovu kwa fedha hiyo. Bwana alikuwa amekwisha kumwita kwa jina na kuingia kwake kabla hajatoa hata senti. Neema ndiyo iliyomfikia kwanza, nayo ikaifungua mikono yake.

Twawasihi, basi, tusilifanye neno hili kuwa kilio cha mtoto anayeogopa fimbo. Kama una shamba la mwenzio, au mshahara wa mtumishi wako uliouzuia, au maneno uliyomsingizia mtu, usimalize kwa kupiga magoti tu. Inuka, ukarudishe. Na ukiwa hujui uanzie wapi, anzia mlangoni kwa jirani yako.

Tuombe. Ee Baba, umetungojea njiani. Tupe moyo wa kujilaumu, utugeuze nia, ututie nguvu miguuni tupate kurudi kwako na kwa wale tuliowakosea. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.