Talaka na mali kwa wanandoa walio nchi mbalimbali (Kirolirwe)

Kirolirwe, ambayo wengine huiandika Kilolirwe, iko Masisi, Kivu Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika uchifu wa Bashali, kwenye barabara ya Sake kwenda Kitshanga. Ni nchi ya malisho na mashamba ya milimani. Vita vilivyoanza 1993 vimewatawanya watu wake hadi kambi za Rwanda kama Kiziba na makazi ya Uganda kama Nakivale. Si ajabu mume akawa Uganda na mke akabaki akilima. Wakitaka kuachana, huzuka maswali mawili: ni mahakama ipi ivunje ndoa, na shamba ligawanywe kwa sheria ya nchi gani.

Upande wa Kongo, jibu limo katika Sheria ya Familia ya 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa 15 Julai 2016. Ombi la talaka hupelekwa Mahakama ya Amani ya anapoishi mwenza anayeshtakiwa, au ya makao ya mwisho ya wanandoa. Kifungu hiki humfaa sana aliyeachwa, kwani hakimlazimishi kumfuata mwenzake Uganda. Mwenza mmoja akijitenga kwa miaka 3, sheria huhesabu hilo kuwa dalili kwamba ndoa imekwisha, ingawa hakimu hujaribu kwanza kuwapatanisha. Wasiochagua mfumo wa mali wakati wa kuoana huhesabiwa kuwa wanamiliki pamoja walichochuma ndani ya ndoa tu. Mabadiliko ya 2016 yaliondoa sharti la mke kupata idhini ya mume kabla ya kufanya tendo la kisheria, na kutaka wawili waafikiane.

Yote haya yanahitaji ndoa iliyoandikishwa. Ndoa ya mahari tu, iliyofungwa kwa ng'ombe na mashahidi wa ukoo, ni ndoa, lakini haina nguvu dhidi ya mtu wa tatu hadi iingizwe katika daftari la serikali. Mtu wa tatu huyo aghalabu ndiye aliyenunua shamba kwa mume kabla hajaondoka.

Hukumu ya ng'ambo ni jambo jingine. Nchini Uganda, Mahakama ya Juu iliamua 2013, katika kesi ya Rwabinumi dhidi ya Bahimbisa, kwamba ndoa peke yake haiifanyi mali yote kuwa ya wote wawili. Mchango wa kila mmoja hupimwa. Hukumu ya namna hiyo haitekelezwi Kongo mpaka mahakama ya Kongo iitwayo tribunal de grande instance iithibitishe, baada ya kuona kuwa ni ya mwisho, kwamba haki ya kujitetea iliheshimiwa na kwamba haipingani na utaratibu wa umma wa Kongo. Na juu ya ardhi, hakimu wa Kampala hana neno: ardhi hufuata sheria ya pale ilipo.

Hapo ndipo ugumu ulipo hasa. Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 inasema ardhi yote ni ya Serikali, na hati ya usajili peke yake ndiyo inayothibitisha haki. Mashamba yanayoshikiliwa kwa mila yaliachiwa amri ya rais ambayo haikutolewa. Mwanamke wa Kirolirwe huwa na karatasi ya mauziano tu, iliyoandikwa kwa mkono, ikiwa na saini za mashahidi na muhuri wa chifu, tena kwa jina la mume. Bila jina lake humo, jasho lake la miaka ni vigumu kulithibitisha. Ng'ombe ni tatizo zaidi: hawana hata hiyo karatasi, na huvushwa mpaka usiku uleule mgogoro unapoanza.

Waasi wa M23 walipoteka Goma, mji mkuu wa Kivu Kaskazini, mwishoni mwa Januari 2025, mahakama za serikali mjini humo zilisimama. Mashauri mengi yamerudi kwa wazee wa ukoo na machifu, ambao hugawa mavuno na watoto kwa wepesi kuliko wanavyogawa ardhi, na maamuzi yao hayavuki mpaka.